Uzi Si Tofali

Mwaka 1991 wanahisabati wawili wa Norway, Geir Ellingsrud na Stein Arild Strømme, walikuwa wakihesabu mikunjo, yaani mistari iliyopinda. Umbo walilokuwa wakilichunguza linatokana na mlinganyo wa daraja la tano, na swali lake ni jepesi kulitamka ingawa kulijibu ni kazi ya kutoa jasho: ndani ya umbo hilo mna mistari mingapi iliyonyooka, mikunjo mingapi ya daraja la pili, na mingapi ya daraja la tatu? Mistari iliyonyooka ilishajulikana tangu karne ya 19 kuwa ni 2,875. Mikunjo ya daraja la pili aliipata Sheldon Katz mwaka 1986, nayo ni 609,250. Kwa daraja la tatu ilibidi kuandika programu ya kompyuta, na kompyuta ikatoa 2,682,549,425.

Kundi jingine la watu wanne, wengi wao wanafizikia, Philip Candelas, Xenia de la Ossa, Paul Green na Linda Parkes, walikuwa na namba nyingine: 317,206,375. Nao hawakuwa wamehesabu mkunjo hata mmoja. Waliliweka kando umbo lile, wakahamia kwenye umbo jingine ambalo kwa macho ya jiometri halina udugu nalo, wakafanya huko hesabu ya aina nyingine, nyepesi zaidi, kisha wakayarudisha majibu nyumbani. Tena walirudi na zaidi ya walichokifuata: fomula yao ilitoa idadi ya kila daraja, la nne likiwa na mikunjo 242,467,530,000.

Wanahisabati hawakuwaamini, na walikuwa na haki. Kwa viwango vyao hapakuwa na uthibitisho wowote. Lakini Julai mwaka huohuo Ellingsrud na Strømme waligundua kosa ndani ya programu yao, wakalisahihisha, wakaiendesha upya. 317,206,375.

Umbo moja linajuaje siri za jingine? Kwa sababu katika nadharia ya nyuzi, inayoziona chembe za maumbile kuwa nyuzi ndogo mno badala ya nukta, uzi unaosafiri ndani ya umbo la kwanza na uzi unaosafiri ndani ya umbo la pili huishi maisha yaleyale: nishati zilezile, migongano ileile. Uhusiano wa namna hii huitwa uwili. Nadharia mbili zina maneno tofauti, maumbo tofauti, hata idadi tofauti ya dimensheni, lakini kila swali la vipimo unalouliza upande mmoja lina mwenzake upande wa pili, na majibu ni mamoja.

Naamini uwili ndio jambo kubwa kuliko yote lililotoka katika nadharia ya nyuzi, na ndilo linalotajwa kwa nadra kuliko yote inapoelezwa kwa umma. Umma umepewa sentensi moja: kila kitu duniani kimeundwa kwa nyuzi ndogo zinazotetema. Mwaka 1985 sentensi hiyo ilikuwa muhtasari wa haki. Kufikia mwisho wa mwaka 1995 ilikuwa imeshaanguka, na walioiangusha ni wanafizikia wa nyuzi wenyewe, kwa kutumia uwili. Wanaoisifu nadharia hii na wanaoiponda bado wanagombania sentensi iliyokwisha kufa.

Tuanze na uwili mwepesi kuliko wote, ambao Wajapani Keiji Kikkawa na Masami Yamasaki waliudokeza mwaka 1984. Chukua nafasi yenye dimensheni moja tu, iliyojifunga ikawa duara. Nusu kipenyo chake kiite R, na tupime kila kitu kwa urefu wa asili wa uzi, yaani urefu huo tuuite 1. Chembe ya kawaida, ambayo ni nukta, ikizunguka duara hilo haiwezi kuwa na nishati yoyote inayoitaka. Kanuni za kwanta, zinazotawala vitu vidogo sana na kuipa kila chembe wimbi, zinalitaka wimbi lake liingie kwenye duara mara moja kamili, au mbili, au tatu, bila kipande kubaki. Kwa hiyo nishati yake hupanda kwa ngazi, na kila ngazi ina ukubwa wa 1 gawanya kwa R. Duara likiwa kubwa, ngazi ni fupi. Duara likibanwa, ngazi zinarefuka.

Uzi nao una ngazi hizo, na juu yake una uwezo ambao nukta haina: unaweza kulizunguka duara kama uzi uliofungwa kwenye kidole, mara moja, mara mbili, mara tatu. Uzi ukivutwa unadai nishati, hivyo kila mzunguko unagharimu kiasi cha R. Sasa weka R kuwa 10. Ngazi za mwendo ni 0.1, 0.2, 0.3 na kuendelea; gharama za kujifunga ni 10, 20, 30. Halafu weka R kuwa 0.1. Ngazi za mwendo sasa ni 10, 20, 30. Gharama za kujifunga ni 0.1, 0.2, 0.3. Orodha ni ileile. Safu mbili zimebadilishana majina, basi. Na usawa huo hauishii kwenye orodha ya nishati, unaingia mpaka kwenye namna nyuzi zinavyogongana, kuungana na kukatika.

Hapo mtu makini atapinga: duara la 10 na duara la 0.1 hayawezi kuwa kitu kimoja, chukua rula upime. Pingamizi hili lilijibiwa na Robert Brandenberger na Cumrun Vafa mwaka 1989, na jibu lao nalipenda kwa sababu linarudisha swali kwenye rula yenyewe. Rula imetengenezwa kwa nini? Anayepima nafasi hutuma kitu chepesi kizunguke na kurudi, kwa sababu vitu vizito ni ghali kuvitengeneza. Katika duara la 10 vitu vyepesi ni mawimbi ya mwendo, na ukivitumia utapata 10. Katika duara la 0.1 mawimbi ya mwendo ni mazito. Vyepesi ni nyuzi zilizojifunga. Wakazi wa duara hilo watapimia nyuzi zilizojifunga, na vipimo vyao vitawaambia kwamba wanaishi kwenye duara la 10. Hakuna jaribio litakalowasuta.

Matokeo yake ni mazito. Neno dogo na neno kubwa, ambayo tunayaona kuwa sifa za nafasi yenyewe, yamegeuka kuwa sifa za kipimo tulichochagua. Bana duara mpaka R ifike 1, endelea kulibana, na kila hesabu itakuambia kwamba linapanuka tena.

Uwili wa pili ni mgumu zaidi, na historia yake inaanza mbali na nyuzi. Milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku karibu ingebaki vilevile kama ungebadilisha uga wa umeme na uga wa sumaku. Kinachoharibu ulinganifu huo ni kwamba chaji za umeme tunazo tele, ilhali sumaku ya ncha moja haijapata kuonekana: kata sumaku vipande viwili na kila kipande kitakuwa na ncha zake mbili. Mwaka 1931 Paul Dirac alionyesha kwamba kanuni za kwanta hazikatazi sumaku ya ncha moja, zinaitoza sharti tu. Chaji yake ya sumaku ikizidishwa na chaji ya elektroni lazima itoe namba maalumu au mafungu kamili ya namba hiyo. Moja ikiwa ndogo, nyingine lazima iwe kubwa. Nguvu ya mwingiliano wa umeme inapimwa kwa namba inayokaribia 1/137. Ya sumaku hiyo, kwa sharti la Dirac, isingepungua 34 hivi.

Tofauti ya 1/137 na 34 inabeba kila kitu. Wanafizikia huhesabu kwa masahihisho: jibu la kwanza, kisha sahihisho dogo, kisha dogo zaidi. Kipimo cha mwingiliano kikiwa 1/137 kila hatua inapungua sana na jibu linatulia. Kikiwa 34 kila sahihisho ni kubwa kuliko lililotangulia, na penseli inakwama. Mwaka 1977 Claus Montonen na David Olive wakatoa wazo la ujasiri: katika nadharia fulani, hesabu ngumu ya upande mmoja ni hesabu nyepesi ya upande wa pili. Upande ambako umeme ni dhaifu, chaji ya umeme ni chembe ya msingi, nukta isiyo na viungo, na sumaku ya ncha moja ni bonge zito lililofumwa kutokana na uga. Ongeza nguvu ya umeme, na bonge linakuwa jepesi, linachukua cheo cha chembe ya msingi; ile iliyokuwa ya msingi inageuka bonge.

Kwa miaka mingi wazo hilo lilikaa bila kuaminiwa sana. Utalipimaje, wakati upande wa pili ndio hasa usiohesabika? Ufunguo ulikuwa supasimetria, ulinganifu unaooanisha chembe za aina mbili kuu za maumbile. Katika nadharia zenye ulinganifu huo kuna hali maalumu ambazo uzito wake unafungwa moja kwa moja na chaji zake. Hata ukikuza kipimo cha mwingiliano kutoka 0.01 hadi 100, huwezi kuzipoteza wala kuzidanganya. Zihesabu pale penye wepesi, na unajua zipo pale penye ugumu.

Ashoke Sen alikuwa Bombay, katika taasisi ya Tata, alipoutumia ufunguo huo mwaka 1994. Uwili wa Montonen na Olive, ukichukuliwa kwa ukamilifu wake, unadai kuwepo kwa kitu ambacho hakuna aliyekiomba: sumaku mbili za ncha moja zilizoshikana, zikiwa na fungu moja la chaji ya umeme. Na iwe namna moja tu ya kushikana. Zikikosekana, wazo limekufa. Zikiwa namna mbili, limekufa pia. Sen akaingia kwenye nafasi inayoeleza mwendo wa sumaku mbili, akatafuta, akakuta moja. Kazi yenyewe ilihitaji karatasi, kalamu na ujuzi wa jiometri. Wenzake waliokuwa wakiuchukulia uwili kama ndoto waligeuka mwaka huohuo, ambao pia Nathan Seiberg na Edward Witten waliutumia kutatua nadharia zilizokuwa hazijawahi kutatulika.

Sasa turudi kwenye nyuzi, maana hapa ndipo sentensi ile inapoanguka. Katikati ya miaka ya 1980 palikuwa na nadharia tano za nyuzi zenye supasimetria, zote katika dimensheni 10: Aina ya I, Aina ya IIA, Aina ya IIB na mbili za heterotiki. Tano zilikuwa aibu kwa nadharia iliyotaka kuwa moja. Machi 1995, katika mkutano uliofanyika Los Angeles, Witten aliziunganisha kwa uwili. Baadhi ya viungo vya uhusiano huo vilishajulikana: IIA kwenye duara la R ni IIB kwenye duara la 1 gawanya kwa R, na heterotiki mbili ni jamaa kwa njia hiyohiyo. Chris Hull na Paul Townsend walikuwa wamepita sehemu ya njia hiyo. Kilichowashangaza wasikilizaji ni Aina ya IIA ikipewa mwingiliano mkubwa.

Ndani ya IIA mna chembe nzito zenye chaji, na uzito wao unapanda kwa ngazi sawasawa: moja, mbili, tatu, kila ngazi ikiwa 1 gawanya kwa g, ambapo g ndicho kipimo cha mwingiliano. Msomaji aliyeufuata mfano wa duara ameshaitambua. Ngazi za 1 gawanya kwa R ni alama ya duara. Kwa hiyo ndani ya nadharia hii limejificha duara ambalo nusu kipenyo chake ni g. Mwingiliano ukiwa dhaifu, duara ni dogo mno, hesabu za zamani hazikuwa na njia ya kuliona. Mwingiliano ukikua, linafunguka, na dimensheni 10 zinakuwa 11. Na ule uzi uliosemwa kuwa tofali la kila kitu? Katika dimensheni 11 ni utando mwembamba, wenye upana, uliojifunga kwenye duara hilo. Tulikuwa tukiuangalia kutoka mbali na kuuona mstari.

Oktoba mwaka huohuo Joseph Polchinski akaonyesha kwamba vitu viitwavyo D-breni, ambavyo ncha za nyuzi zinaweza kunata juu yake, ndivyo vibebaji vya chaji ambazo uwili ulikuwa ukizidai. Ngazi zile za IIA zilikuwa D-breni za nukta. Katika IIB kuna D-breni yenye umbo la uzi, na mkazo wake ni mkazo wa uzi wa kawaida gawanya kwa g. Hapo unaweza kuhesabu mwenyewe: g ikiwa 0.1, D-breni ni nzito mara 10 kuliko uzi, na uzi unastahili kuitwa wa msingi. g ikiwa 10, D-breni ndiyo nyepesi, uzito wake sehemu moja ya kumi, na nadharia nzima inaandikika upya ikiwa D-breni ndiyo uzi na uzi wa zamani ni bonge.

Ndiyo maana nasema sentensi ya tofali imekufa. Tangu shuleni tumefundishwa ngazi ya kushuka: molekuli, atomu, kiini, protoni, kwaki, na chini kabisa kitu kisichogawanyika. Kila mara tulipofika chini tuliahidiwa kwamba palikuwa na chini zaidi. Uwili unaondoa mwisho wa ngazi kwa namna ambayo hatukuitarajia. Swali la kipi ni cha msingi linajibika tu baada ya kusema g ni ngapi na R ni ngapi. Badilisha hizo, na mtawala na mtawaliwa wanabadilishana viti. Nalichukulia hili kuwa ugunduzi kuhusu maumbile, si utaratibu wa hesabu tu, na sababu yangu ni kwamba jambo hili halikuanzia kwa watu wa nyuzi na halitegemei nyuzi.

Mwaka 1941 Hendrik Kramers na Gregory Wannier walikuwa wakichunguza mfano wa sumaku: vishale vidogo vilivyopangwa kwenye gridi bapa ya miraba, kila kimoja kikielekea juu au chini na kikimvuta jirani yake amfuate. Kukiwa na joto kali vishale vinavurugika; kukiwa na baridi vinajipanga. Waligundua kwamba hesabu ya mfano huo kwenye joto kali ni hesabu ileile ya kwenye baridi, ikiwa imevaa maneno mengine. Kama mpito kutoka mpangilio kwenda vurugu unatokea kwenye joto moja tu, basi lazima utokee pale ambapo pande mbili zinakutana, na hapo ni 2.269 kwa vipimo vya nguvu ya mvuto wa vishale. Lars Onsager alipoutatua mfano wote mwaka 1944, mpito ulikuwa palepale. Huo ni uwili uliothibitishwa kwa hisabati isiyo na shaka, katika kitu cha kawaida kama sumaku.

Wapinzani wa nadharia ya nyuzi wana hoja mbili ambazo siwezi kuzipita. Ya kwanza ni kwamba hakuna jaribio lililoonyesha kwamba dunia yetu inafuata nadharia hii, na mitambo ya CERN, maabara ya Ulaya ya kugonganisha chembe, haijaona supasimetria ambayo uthibitisho wa uwili unaitegemea kwa kiasi kikubwa. Hiyo ni kweli, na anayeificha anaharibu kazi. Ya pili ni kwamba uwili mwingi wa nyuzi bado ni dhana: haujathibitishwa kwa ukamilifu, umepimwa tu. Kweli pia. Lakini kupimwa kwenyewe kumekuwa kukali. Kila uwili unadai namba kamili, na namba kamili haina huruma. Sen alihitaji moja na angepata sifuri wazo lingezikwa siku hiyo. Fomula ya mikunjo nayo ilithibitishwa na wanahisabati kuanzia mwaka 1996, kwa kazi ya Alexander Givental na wengine waliomfuata. Mwaka huohuo Andrew Strominger na Cumrun Vafa walihesabu hali za ndani za aina fulani ya shimo jeusi kwa kutumia D-breni, wakapata entropia, yaani kipimo cha wingi wa hali hizo, iliyo sawa hasa na ile robo ya eneo la uso wa shimo ambayo wanafizikia Jacob Bekenstein na Stephen Hawking waliitabiri kwa njia nyingine miaka zaidi ya 20 kabla.

Kisha ukaja uwili ambao mpaka sasa unanipa taabu kuumeza. Mwishoni mwa mwaka 1997 Juan Maldacena alipendekeza kwamba nadharia yenye uvutano, ndani ya nafasi ya umbo maalumu, ni sawa na nadharia isiyo na uvutano kabisa inayoishi kwenye mpaka wa nafasi hiyo, yenye dimensheni pungufu. Kumbuka mfano wa duara ulivyonyang'anya nafasi ukubwa wake. Huu unainyang'anya nafasi hata idadi ya dimensheni zake. Nao umeingia maabara kwa mlango wa pembeni: hesabu za mashimo meusi upande mmoja zinatoa mnato wa kimiminika upande wa pili, ukilinganishwa na entropia yake, kuwa karibu 0.08, na supu ya kwaki na gluoni, chembe zinazozishikanisha kwaki, iliyotengenezwa katika maabara ya Brookhaven, Marekani, ina mnato mdogo unaokaribia kiwango hicho. Nadharia inayohesabika ni binamu tu wa nadharia halisi ya kwaki, kwa hiyo ukaribu huo usichukuliwe kuwa uthibitisho wa nyuzi. Unaonyesha tu kwamba lugha ya pili ya uwili inaweza kusema jambo la maana kuhusu kitu kilichopo.

Bado nadharia ya dimensheni 11, ile ambayo Witten aliipa herufi M bila kufafanua kirefu chake, haina mlinganyo mmoja unaoieleza yote. Tunazo kingo zake: huku g ni ndogo na nyuzi ni nyepesi, kule g ni kubwa na D-breni ni nyepesi, upande mwingine duara limefunguka na utando umejitokeza. Kila ukingo una tofali lake na hesabu zake. Katikati ni kwingine. Katika IIB, weka g iwe 1 kamili. Mkazo wa uzi gawanya kwa 1 ni mkazo uleule, kwa hiyo uzi na D-breni vina uzito sawa, kimoja kinaweza kukaa mahali pa mwenzake bila hesabu kubadilika, na hakuna kilicho chepesi kuliko kingine hata kiitwe cha msingi.